Kombaini Juu ya Mlango Wangu

Kibao changu cha kwanza kilichorwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kupaka namba kwenye matrekta. Alikuwa rafiki wa mume wangu, fundi wa rangi katika karakana ya mashamba ya ngano, na mkono wake ulikuwa umezoea mashine kiasi kwamba ukimwomba akuchoree ua, ungeona kama lina magurudumu. Alikuja Katesh Jumapili moja baada ya ibada, kipande cha bati kwapani na makopo ya rangi ndani ya mfuko wa mbolea. Akanywa chai, akaomba nyingine, kisha akapiga magoti uani, akaanza kazi.

Jioni mume wangu alipanda juu ya kiti, akakipigilia kibao juu ya mlango. Ilikuwa kombaini nyekundu, kubwa, ikikata ngano ya manjano, vumbi likipaa nyuma yake. Kwenye usukani alikaa mtu mwenye kofia kama ile aliyovaa mume wangu kazini. Pembeni, kama kitu kilichokumbukwa mwishoni, kulikuwa na mkate mweupe wa pembe nne, na chini yake maneno: MKATE WA KISASA. Tulisimama barabarani sote watatu tukakitazama. Mume wangu alikuwa dereva wa kombaini, na sikuwa nimemwona akifurahi vile tangu siku aliyokabidhiwa mashine yake. Na mimi nilifurahi. Katika mtaa ule hakuna mwingine aliyekuwa na kibao cha rangi. Wenzangu waliandika kwa mkaa ukutani, "Chai ipo", basi.

Ilikuwa miaka ile watu walipoanza kusikia kwamba biashara ndogo ndogo sasa ni ruksa. Kabla ya hapo nilikuwa mpishi kambini, hukohuko mashambani, nikipika ugali na maharage kwa ajili ya vibarua wa msimu, kwenye masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuoga ndani yake. Nilipojifungua mtoto wa pili sikurudi tena. Nikapanga chumba Katesh, kwenye njia inayotoka barabara ya Babati na Singida kwenda uwanja wa mnada, nikaweka mabenchi, nikaanza kuuza chai na mkate.

Mkate wenyewe ulikuwa wa mama yangu. Kwetu ni Mbulu, juu kwenye baridi, ambako baba alilima ngano kidogo kwenye mteremko. Tuliivuna kwa mundu na kuipura kwa fimbo. Mama alijifunza kuoka kwa masista wa misheni alipokuwa msichana, ila masista walikuwa na tanuri na siagi, na yeye hakuwa na hata kimoja. Akawa anaoka kwenye sufuria, makaa chini na makaa mengine juu ya mfuniko. Mafuta ya kupaka sufuria yalikuwa ya kubahatisha, kwa hiyo alitandika mabua ya ngano yaliyolowekwa kwenye kitako cha sufuria ili mkate usigande. Nami nilioka hivyohivyo. Ngano aliniletea kaka yangu kutoka shamba lilelile la baba, nikaisaga bila kuikoboa, na chachu niliipata kwenye machicha ya pombe ya jirani. Mkate ulitoka mviringo, mzito, wa rangi ya udongo. Mtu akila kipande asubuhi alifika mchana bila kuulizia chakula.

Sasa ukikitazama tena kile kibao, hapakuwa na kitu changu pale isipokuwa mlango uliokuwa chini yake. Lakini Jumapili ile niliona rangi tu.

Watu wa kwanza kuvutwa na kibao walikuwa vijana wanaotafuta kazi. Walishuka kwenye mabasi kutoka Singida na Babati, wamebeba mashuka kwenye mifuko, wakaingia na kuvua kofia.

"Shikamoo mama. Tumesikia mnaandika watu hapa."

"Tunaandika watu gani?"

"Vibarua wa ngano."

Niliwaambia hapa ni hoteli, kuna chai na mkate. Waliangalia juu ya mlango, wakaniangalia mimi, wakatoka bila kununua chochote, kama watu waliodanganywa. Baadaye akaja mzee mmoja na mkanda wa mashine uliokatika, akauliza kama tuna mwingine wa namna ile. Nilipomsimulia mume wangu, alicheka mpaka akakohoa.

"Unaona?" akasema. "Kinaonekana!"

Ni kweli, kilionekana. Kilionekana hata na watu niliotamani wasikione.

Maziwa ya chai yangu yaliletwa na mama mmoja wa Kibarbaig kutoka tambarare, upande wa Masakta. Alikuwa wa umri wa mama yangu, mrefu, amevaa vazi la ngozi lenye shanga, na bangili za shaba zilizopanda hadi karibu na kiwiko. Alikuja na vibuyu vyake mgongoni kila siku ya mnada, na siku nyingine pia ng'ombe wakiwa na maziwa mengi. Hakukaa kwenye benchi. Alikaa chini karibu na jiko langu, akanywa chai yenye maziwa yake mwenyewe, akachovya mkate. Tuliongea Kiswahili ambacho hakikuwa cha mama wa yeyote kati yetu. Cha kwake kilikuwa na mapengo, cha kwangu kilikuwa na pembe za Kimbulu. Kati ya watu wake na watu wangu kulikuwa na habari za zamani za ng'ombe na ugomvi. Hatukuzigusa. Tuliongea habari za maziwa, mvua, na wakwe.

Siku ya mnada iliyofuata baada ya kibao kupanda, hakuja. Uliofuata tena hakuja. Wanawake wenzake walipita mbele ya mlango wangu, vibuyu vimejaa, wakageuza nyuso upande wa pili, wakaenda kumuuzia muuza chai wa stendi. Nikabaki na chai ya rangi. Asubuhi pale Katesh kuna upepo unaoshuka kutoka mlimani na kuingia hadi mifupani, na katika upepo ule hakuna anayetamani chai ya rangi. Mabenchi yakawa wazi. Dereva mmoja wa lori alimwaga nusu kikombe nje ya mlango, akaniambia, "Mama, kibao cha kisasa, chai ya msibani."

Neno lile liliniuma, na ndilo lililoninyanyua. Kesho yake nilimwachia jirani watoto, nikafunga mkate kwenye kanga, nikashika njia ya kwenda kumtafuta yule mama.

Njia ya ng'ombe niliyoijua zamani ilikuwa imekatwa na shamba. Ngano ilikuwa imesimama mpaka pale macho yanapokoma, inainama na kuinuka, na ilinibidi kuzunguka ukingo wake wote jua likiwa utosini. Nilikuwa nimeishi ndani ya ngano ile kwa miaka, kambini, na sikuwahi kuizunguka kwa miguu kama mtu anayetaka kupita. Nilifika kwenye boma lake nimekauka koo. Alikuwa nje, akisafisha kibuyu kwa kijinga cha moto, moshi ukimtoka kati ya vidole.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Siku zote alisema marahaba mwanangu. Leo ilikuwa marahaba tupu. Hata hivyo alinipa kigoda, akanipa maziwa, akasubiri ninywe. Nilimpa mkate, akaupokea kwa mikono miwili na kuuweka pembeni.

"Mama, maziwa yamekauka?"

"Maziwa yapo. Ng'ombe wamezaa."

"Basi nimekukosea nini?"

Aliendelea kuzungusha kijinga ndani ya kibuyu. "Wewe ni mtu wa ile mashine?"

"Mume wangu anaiendesha."

"Hilo nalijua siku nyingi. Mtu anatafuta kazi, anapata ile iliyopo. Nakuuliza wewe. Umeiweka juu ya mlango. Sisi tukimtia ng'ombe alama, tunasema huyu ni wetu, wa ukoo wetu. Kila mtu akimwona anajua. Sasa wewe umejitia alama ile. Nataka kujua umekuwa mtu wa nani."

Aliweka kibuyu chini, akaniongoza nyuma ya boma, akanyoosha mkono juu ya ngano. Kule, akasema, palikuwa na bung'eda ya baba yake, kaburi la heshima ambalo ndugu hulijenga kwa udongo kidogo kidogo, juu kwa juu, mpaka linakuwa kama kilima, na watu hutoka mbali kuja kulimalizia. Yeye mwenyewe alibeba udongo ule akiwa msichana. Kisha mashine za kulima zikafika. Nilifuata kidole chake nikatazama, nikaona ngano, na nyuma yake ngano nyingine.

"Sikujui kwa ubaya," akasema. "Lakini nikija mjini kuuza maziwa nataka nikae mahali ambapo ile mashine haipo. Kwako ilikuwa haipo."

"Nitakitoa kile kibao," nikasema.

"Usikitoe kwa sababu ya maziwa. Maziwa nauza popote."

"Mkate wangu hautoki kwenye mashine, mama. Ngano anailima baba yangu Mbulu. Tunaikata kwa mundu."

Alinigeukia, na kwa mara ya kwanza siku ile alionekana kushangaa. "Basi mbona hukusema hivyo?"

Nilirudi Katesh na swali lile. Lilikuwa swali la haki. Nilikuwa na kitu cha kusema na nikamwachia mtu mwingine aseme kitu kingine kabisa.

Mume wangu alikuja Jumamosi kutoka kambini. Nilimngoja ale kwanza, ndipo nikamweleza: maziwa, boma, kaburi la yule mzee. Alisikiliza huku akivunja kijiti cha meno vipande vipande.

"Ile mashine inawavalisha watoto wako," akasema.

"Najua. Kazi yako naiheshimu."

"Unaiheshimu kwa kuishusha?"

"Baba watoto, kibao kinatakiwa kusema ndani kuna nini. Ndani hakuna kombaini."

"Kwa hiyo watu wa nyika ndio watakuchagulia kibao."

"Watu wa nyika ni wateja wangu. Kuchagua nachagua mwenyewe."

Alisimama. "Ukitaka kukitoa, kitoe wewe. Mimi kile kiti sipandi."

Nilipanda mimi. Aliugeukia ukuta wa pili huku nikichokonoa misumari kwa kisu cha mkate, na misumari ile ilikuwa imepigiliwa na mtu mwenye furaha, haikutoka kwa urahisi. Sikutaka kukitupa. Yule mtu mwenye kofia kwenye usukani alikuwa mume wangu, na alichorwa vizuri. Nilikifuta vumbi, nikakifunga kwenye gunia, nikampa.

"Hiki ni chako. Kule karakana kitakuwa mahali pake."

Alikifunga nyuma ya baiskeli, akaondoka bila kuaga. Mavuno yalikuwa yameanza na kweli hakuwa na nafasi ya kuja mjini, lakini wakati wa mavuno mengine alikuwa akiiba Jumapili. Safari hii alituma sukari kwa watu waliokuwa wakipita, na salamu kwa watoto peke yao.

Sasa nilikuwa na mlango mtupu na chai ya rangi. Fundi wa rangi alikuja tena kwa hiari yake, nadhani kwa kuona aibu, ingawa kosa halikuwa lake.

"Shemeji," akasema, "tuweke simba. Simba hana ugomvi na mtu."

"Watu wataogopa kuingia."

"Ndege, basi. Ndege ya abiria."

"Nani amepanda ndege hapa?"

"Mwanamke wa mjini, ana hereni, ameshika kikombe."

"Nichoree mkate wangu," nikamwambia. "Huu hapa. Utazame, uchore huo."

Alichora mkate wa pembe nne. Nilimwonyesha tena ule uliokuwa mezani. Akasema mkate wa mviringo watu hawataujua, kwa sababu kwenye picha zote mkate una pembe nne. Nilimsisitiza. Hatimaye alichora duara la kahawia kwenye bati jeupe, tukalipandisha, na kabla hata rangi haijakauka, lori likasimama mbele ya mlango, utingo akaruka chini na gurudumu.

"Fundi yuko wapi? Tuna pancha."

Fundi wa rangi akasema tuongeze moshi juu ya duara, ili ionekane ni kitu cha moto kutoka jikoni. Tukaongeza. Jirani yangu mshona nguo alitoka nje, akatazama kwa makini, akasema, "Sasa tairi linaungua." Mtaa mzima ulicheka. Nilicheka nao, kisha nikaingia ndani nikakaa peke yangu kwa muda, maana si kila kicheko kinaisha mdomoni. Halafu nikatoka nikalishusha na lile.

Tangu hapo nilijiwekea kazi. Kila nikishatoa mkate wa asubuhi, nilivuka njia nikasimama upande wa pili, pale ng'ombe wanaposubiri kuingia mnadani, nikautazama mlango wangu kama mgeni. Nilijiuliza mtu anayekuja Katesh kwa mara ya kwanza, ambaye hasomi, ambaye hanijui, ataona nini hapa. Nikaanza pia kuwauliza wateja wachache niliobaki nao: ukimwelekeza mwenzako aje kwangu, unamwambiaje? Mmoja alisema, kwa yule Mmbulu. Mwingine alisema, kwenye mkate wa kushibisha. Majibu yalikuwa mazuri ila hayakuchoreka.

Kisha asubuhi moja akaja mwanamke wa mlimani aliyenunua mikate kila wiki kwa ajili ya wanawe wanaosoma. Alichukua mkate, akaupindua, akatazama chini, akautia kikapuni. Akachukua wa pili, akafanya hivyohivyo. Nilikuwa nimemwona akifanya vile mara nyingi na nilidhani anatafuta sehemu iliyoungua.

"Dada, unaangalia nini huko chini?"

"Mistari yako," akasema. "Yule wa stendi alinipa mviringo, akaniapia ni wako. Nimefika nyumbani nikaugeuza, laini kama sahani! Watoto wenyewe walijua."

Nikaupindua mmoja na mimi. Mabua yaliyotandikwa kwenye sufuria yalikuwa yameacha njia zake kwenye mkate, mistari iliyolala sambamba, mingine imepinda, mmoja umekatika katikati. Maisha yangu yote nilikuwa nimeiona kama kasoro. Mama aliikwangua kwa kisu kabla ya kumpa mgeni mkate. Mimi nilipanga mikate mezani na kuificha mistari chini, nikionyesha mgongo wake ambao ulikuwa kama wa mkate mwingine wowote.

Siku ileile nilipindua mikate yote iliyokuwa mezani.

Fundi wa rangi aliniletea mabaki ya makopo: nyekundu na manjano. Nilimshukuru nikayakataa. Zilikuwa rangi zilezile za mashine, zenye kung'aa, na mtu wa tambarare angezijua kutoka mbali; nilitaka rangi za udongo. Bati pia nikaliacha. Nikapaka ukuta wenyewe chokaa, wote wa mbele, mpaka ukaumiza macho. Nikachimba udongo mwekundu kwenye ukingo wa korongo, nikauponda, nikauchanganya na majivu na uji mzito wa ngano ili ushike. Nikaukandika ukutani kando ya mlango, duara pana kama mikono yangu ikinyooshwa. Ulipokuwa bado mbichi nikachukua mabua, yaleyale niliyotandika kwenye sufuria, nikayakandamiza kwenye udongo moja baada ya jingine, nikayang'oa. Mistari ikabaki. Nikaipaka udongo wa manjano kwa ncha ya kijiti, mifereji yake ikabaki wazi.

Fundi alisimama nyuma yangu, amekunja mikono. "Shemeji, huo wa tatu umepinda. Nipe niunyooshe."

"Uache."

"Watasema hujui kuchora."

"Kwenye mkate huwa umenyooka?"

Akafikiri. "Hapana."

"Basi uache."

Nilipovuka njia kutazama, haikuwa tairi. Haikuwa jua, wala ngoma, wala kitu kingine. Ilikuwa sehemu ya chini ya mkate wangu, kubwa kama mlango, nyekundu kwenye ukuta mweupe, na ungeweza kuiona toka kwenye zizi la mwisho la mnada.

Sikumtumia yule mama habari. Nilikuwa nimemwahidi kukitoa kile kibao na nilikitoa. Mengine yalikuwa juu yake. Siku ya mnada nilikuwa nikipuliza moto nilipoona kundi la wanawake wenye vibuyu limesimama upande wa pili wa njia, kwenye vumbi la ng'ombe, wakiongea kwa lugha yao. Alikuwa katikati. Walikaa pale muda ambao niliuona mrefu sana. Kisha akavuka peke yake, akafika ukutani, akaingiza ukucha kwenye mstari mmoja, akaufuata mpaka pale ulipokatika.

"Hii ni ya chini," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Umeigeuza juu."

"Nimeigeuza."

Akacheka, nami nikaona kwamba katika miaka yote ile sikuwa nimewahi kumsikia akicheka kwa sauti. Akageuka akawaita wenzake, akawaonyesha, na kila mmoja akaingiza ukucha wake. Kisha akashusha vibuyu, akaingia, akakaa chini mahali pake karibu na jiko.

"Mwanangu," akasema, "bandika maji."

Chai ya siku ile ilikwisha kabla ya mnada kuchangamka. Wachungaji waliouza mbuzi walikuja wakielekezana kwa vidole, wakichora mistari hewani. Hakuna kijana aliyekuja kuniomba kazi ya ngano, na hakuna aliyeniletea gurudumu.

Mume wangu alikuja baada ya mavuno, mvua za kwanza zilipokuwa zinanukia. Amekonda, shingo imeungua kwa jua, pumba za ngano bado zimo kwenye nywele. Aliegemeza baiskeli, akasimama mbele ya ukuta, na mimi nikabaki mlangoni na mwiko mkononi, nikingoja. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali na nilikuwa na yangu tayari.

"Hii umechora wewe?"

"Mimi."

"Mvua itaila."

"Nitaipaka tena."

"Kila mvua?"

"Kila mvua."

Aligusa udongo kwa kiganja, jinsi alivyokuwa akigusa ubavu wa mashine kuona kama imepoa. "Ile picha imetundikwa karakana," akasema. "Kila mtu anajua yule ni mimi."

"Ni wewe. Ndiyo maana nilikukabidhi."

Hakusema kwamba nilikuwa na haki, na mimi sikumtaka aseme. Mpaka leo anaamini kwamba ile mashine ilitulisha, na sehemu ya hilo ni kweli. Asubuhi nilisikia nyundo. Alikuwa juu ya paa amevua shati, anaongeza bati lililotokeza mbele ili maji yamwagike mbali na ukuta. Aliifanya kazi ile siku nzima, akaweka na nguzo, akapima kivuli chake kwa macho mpaka kikafunika duara lote. Mchana nilimpelekea chai hukohuko juu. Alipokea kikombe, akauliza mkate, nikampa, na kabla ya kuuma akaupindua.

Baadaye bwana biashara wa wilaya alipita kukagua, akasema alama haitoshi, sheria inataka maandishi. Nilimuuliza niandike nini. Akasema, jina la biashara. Sikuhitaji kulitafuta, watu walikuwa wamekwisha kulitoa. Fundi wa rangi akaliandika kwa herufi zake nzuri za namba za trekta, chini ya duara: MKATE WA MABUA. Nilimwacha anyooshe herufi apendavyo.

Jina na alama vilipoanza kujulikana, akaja mtu mwenye duka dogo katika kijiji cha Hirbadaw. Alitaka nimpe mikate akauze kule, na alitaka ukuta wake nao uwe na mistari.

"Nitakuja kuukandika mwenyewe," nikamwambia, "lakini kuna sharti. Mkate ukiisha, funika."

"Nifunike nini?"

"Alama. Weka gunia juu yake. Mtu asitembee kutoka mbali kwa sababu ameiona, akafika akakuta huna."

Alifikiri namtania. Alisema hakuna mfanyabiashara anayeficha tangazo lake. Nilimwambia basi hatuna biashara, nikaendelea kukanda unga. Alikaa akamaliza chai yake polepole, akanitazama, akaona sitabadilika, ndipo akakubali.

Nilienda Hirbadaw na ndoo ya udongo kichwani, nikakandika ukuta wake, nikakandamiza mabua, na yeye akapigilia msumari wa kutundikia gunia. Safari iliyofuata nilikwenda na kikapu cha mikate. Nilipokaribia niliona ukuta umefunikwa. Wanawake wawili waliokuwa wamekaa nje kwenye kivuli waliniona nikija, wakaona kikapu, wakasimama na kujifunga kanga vizuri. Mmoja wao akaita ndani ya duka. Yule bwana akatoka, akafuta mikono kwenye suruali, akalishusha lile gunia.